Siku ya Kunyoa, Mara ya Pili

"Shemeji," Khaemba aliniambia kabla hajaketi, "nataka ile pesa ya Wakonyo isimame."

Wakonyo alikuwa dada yangu, kitinda mimba wa mama yetu. Khaemba alikuwa mumewe. Tulimzika Misikhu, nyumbani kwao Khaemba, mahindi yakiwa bado mabichi, na sasa watu walikuwa wanavuna. Khaemba alikuja kwangu Kibomet, pembeni mwa mji wa Kitale, amevaa lile koti la mazishi. Nywele zake, ambazo zilinyolewa siku ya tatu baada ya maziko, zilikuwa zimeota tena, na zilikuwa na mvi nisizozijua.

Mke wangu Rosaline alimletea chai. Hakuigusa. Alitoa simu mfukoni, akaisukuma juu ya meza mpaka ikafika mbele yangu.

"Soma hapo."

Ulikuwa ujumbe wa mfuko wa pensheni, ukimjulisha mwanachama kwamba malipo yake ya mwezi yameingia.

"Inakuja kila tarehe tano asubuhi," alisema. "Akiwa mgonjwa, ikilia tu tunatoka, tunaenda Bungoma kwa mashine ya kusafisha damu. Sasa inalia na hakuna mtu wa kupeleka Bungoma. Mwezi huu ilipolia nilishtukia nimeinama chini ya kitanda, natafuta viatu vyake."

Rosaline aliondoka polepole akaenda jikoni.

"Lakini pesa ni yako," nikamwambia. "Si uifanyie mambo mengine?"

"Mambo gani, mulamwa? Hiyo ni pesa ya dawa. Nitanunua sukari nayo?"

Mulamwa ndivyo Wabukusu wanavyomwita shemeji. Alikuwa akiniita hivyo tangu siku alipokuja kwetu na wazee wake kumchumbia Wakonyo, na baba yangu, mzee Kagwe, aliyehamia Kitale kutoka upande wa Murang'a akiwa kijana, akasema hajui kama mbuzi wa Bungoma wanafanana na mbuzi wengine. Siku hiyo Khaemba alicheka. Sasa aliniita mulamwa bila kuinua uso.

Khaemba alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha kukausha mahindi hapa Kitale. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka hamsini na minne. Akiba yake ya uzeeni ilibaki katika mfuko wa pensheni, ikimngojea afike sitini. Halafu figo za Wakonyo zikakataa kufanya kazi. Mfuko ule una mlango mmoja kwa mtu asiyeweza kungoja: anaweza kuanza kuchukua mapema, kwa kiasi kilichopangwa, kila mwezi. Khaemba aliingia kwa mlango huo. Hakuna mtu aliyemlaumu. Ningekuwa mimi ningeingia vilevile.

"Kabla ya kuanza ulisoma kanuni?" nilimuuliza.

"Nilisoma pale pa kuweka sahihi."

Mimi ni mtu wa kusoma masharti. Nilianza shule nikiwa baba wa watoto wawili, jioni, katika darasa la watu wazima, nikitoka kupasua mbao na vumbi la msumeno likiwa kwenye masikio. Tangu nilipoweza kusoma risiti yangu mwenyewe, sijaweka jina langu chini ya neno nisilolielewa. Nilimwomba Khaemba kijitabu cha mfuko. Alikuwa nacho, kimekunjwa katika mfuko wa ndani wa koti, hakijafunguliwa hata siku moja, kurasa zake bado zimeshikana.

Nilikisoma nikiwa nimeketi uani, yeye akinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma picha ya kifua. Kanuni zenyewe hazikuwa ngumu. Ukishaanza kuchukua mapema, huwezi kusimamisha mpaka miaka mitano iishe na pia uwe umefika sitini. Kinachochelewa kati ya hivyo viwili ndicho kinachokufunga. Katika muda huo huruhusiwi kuongeza, huruhusiwi kuchukua zaidi, na huruhusiwi kuweka pesa nyingine ndani ya akiba ile. Ukivunja mpango, ile ruhusa inahesabiwa kama hukupewa tangu mwezi wa kwanza, na robo ya yote uliyokwisha kuchukua inakatwa kwenye kile kilichobaki.

"Na hakuna njia ya kutoka?" aliuliza.

"Ziko mbili. Ulemavu wa kudumu, wathibitishe madaktari. Na kifo."

"Basi," akasema, na kwa mara ya kwanza akashika kikombe cha chai. "Kifo kipo. Twende tuwaambie."

Niliona alivyoelewa, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Nikamwambia tutakwenda kesho yake.

* * *

Ofisi ya mfuko iko ghorofani, juu ya duka la pembejeo, na hewa ya ngazi zile inanuka mbolea. Aliyetupokea ni mama mmoja aitwaye Cherono, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza Khaemba mpaka mwisho. Hakumkatiza, na hakutazama simu yake.

"Pole sana, mzee," alisema. "Pole kabisa. Lakini kifo kinachosimamisha malipo ni cha mwanachama mwenyewe. Si cha mke wake."

Khaemba alifikiri kidogo. "Kwa hivyo ni mimi nilitakiwa kufa."

"Mzee, usiseme hivyo."

"Sisemi vibaya, mama. Nauliza tu vile kitabu kinasema."

Cherono aligeukia kompyuta yake, nafikiri ili apate mahali pa kuweka macho. Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kisha akavua miwani.

"Mzee Khaemba, ni nani aliweka pesa katika akiba yako mwezi wa nane?"

"Pesa gani?"

"Kuna shilingi elfu themanini zimeingia kwa simu, kwa nambari yako ya uanachama. Mwenye simu ni Masinde Wabwile. Makao makuu wameshaandika barua. Mpango wako unahesabiwa umevunjika."

Khaemba alinitazama. Hakujua lolote, na nilijua kwamba hajui. Lakini mimi nilijua, kwa sababu siku ile nilikuwepo.

Kwetu watu wakishazika wanakula, wananawa, wanakwenda zao. Wabukusu wanarudi siku ya tatu. Wanaiita lubeko, siku ya kunyoa. Mfiwa anaketi chini uani, ananyolewa kwa wembe, naye hasemi neno. Wakati wembe unapita, mzee wa ukoo anasimama mbele ya watu na kuuliza: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Kila deni linatajwa na kulipwa pale pale, au mtu wa ukoo analichukua liwe lake. Hawataki mtu wao alale chini akiwa na deni.

Siku ile mzee aliyeuliza alikuwa Masinde, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Khaemba. Mwenye kinu cha kusaga alitaja gorogoro mbili za unga, akalipwa. Halafu Sitati, binamu ya Khaemba aliyefanya kazi naye kiwandani, akasimama na kusema iko ile pesa ya Kitale, ya kila mwezi, ya dawa za Wakonyo, na haijarudishwa hata senti. Watu wakanung'unika. Kila mtu pale alijua mkopo wa chama na mkopo wa sacco. Hakuna aliyejua pesa ambayo ofisi inakupa kila mwezi na haikudai. Masinde alinitazama mimi na ndugu zangu, tulioketi kwenye viti vya wageni, akasema, "Binti ya Kagwe hatalala na deni katika udongo wetu." Wiki ile ile aliuza ng'ombe mmoja wa kulima. Sitati alikuwa na nambari ya uanachama. Pesa ikaenda, na Khaemba, aliyekuwa ameketi chini ya wembe kama mtu asiyesikia, hakuambiwa baadaye.

Nilidhani kweli ni mkopo. Nakumbuka nilirudi Kitale nikiwaambia watoto wangu kwamba dada yetu aliolewa kwa watu.

Nilimweleza Cherono haya yote. Alisikiliza huku akijishika paji la uso.

"Walimlipia mtu pesa yake mwenyewe," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kwa upendo."

"Kwa heshima," nikasema. "Upendo ulikuwepo pia."

Alitueleza kwamba kosa la namna hiyo linaweza kufutwa. Aliyeweka pesa aje mwenyewe, aandike kwamba aliweka bila mwanachama kujua, kisha apokee pesa yake, yote, kwa mkono wake. Mwanachama hawezi kumpokelea. Wala haiwezi kupelekwa kwa mtu mwingine. Hilo lifanyike kabla ya mwezi wa kumi na mbili kwisha. Lisipofanyika, robo itakatwa.

Khaemba ana nusu ekari Misikhu na mikono iliyozoea spana. Ile akiba ilikuwa uzee wake wote. Nilipiga hesabu tukishuka ngazi: ikikatwa, angefika sitini akiwa na kitu cha kumlisha mwaka mmoja au miwili. Sikumwambia. Alikuwa anashuka huku ameshika ukuta.

* * *

Nilikwenda Misikhu peke yangu, kwa sababu maneno ya namna hii hayaletwi na mfiwa. Masinde nilimkuta akipukuchua mahindi na mkewe Nabwile. Ni mtu mrefu, mkavu, umri wake umenipita kidogo.

"Mkwe wetu Kabiru," alisema, "karibu. Leta kiti, Nabwile, huyu haketi kwa gunia. Huyu anasoma mpaka karatasi iliyofungia sukari."

"Niliacha," nikamwambia. "Siku hizi sukari inakuja kwa nailoni."

"Basi umebaki bila elimu."

Tulicheka, tukanywa uji. Kisha nikamweleza, neno kwa neno, bila kuficha na bila kuongeza. Nilipofika pale pa kupokea pesa kwa mkono wake, Masinde aliweka chini gunzi alilokuwa ameshika.

"Hapana," alisema.

"Mzee, kanuni inasema..."

"Kabiru, nimekusikia. Hiyo pesa nililipa siku ya kunyoa. Mtoto wa ndugu yangu ameketi chini, wembe uko kichwani, watu wote wananitazama, na nyinyi mmeketi pale. Nikaiondoa ile deni kwa Wakonyo. Leo niende Kitale niichukue tena? Nikiichukua, ile deni inakwenda wapi? Inamrudia. Nitakuwa nimefukua mtoto wenu nimwekee mzigo kifuani."

"Haikuwa deni. Ni pesa ya Khaemba mwenyewe."

"Pesa yake mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na anaomba ruhusa kuichukua?"

"Ndiyo, kwa sababu hajafika sitini."

"Na akisema sasa sitaki tena, anapigwa faini?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni deni, Kabiru," alisema Masinde. "Mahali popote mtu anakukata ukisimama, hapo una deni. Wewe umesoma. Niambie ni nini kama si deni."

Nilikuwa nimesoma kijitabu kile mara tatu. Nabwile aliendelea kupukuchua.

"Nilipouza yule ng'ombe," Masinde akaongeza, "mwenzake alilia wiki nzima. Unafikiri sitaki pesa yangu? Nalima na ng'ombe mmoja kama mtu mwenye mguu mmoja. Lakini siwezi."

Niliomba ruhusa nikatembee. Kaburi la Wakonyo liko nyuma ya nyumba ya Khaemba, karibu na migomba, na udongo wake ulikuwa umeanza kutitia. Sikusema na kaburi, mimi si mtu wa hivyo. Nilisimama tu na kofia mkononi. Nilimkumbuka akiwa msichana, akishona sweta za wanafunzi kwa mashine katika chumba cha mbele cha mama, akihesabu mishono kwa sauti ya chini, na kama ukimsemesha anakuonyesha mkono usubiri. Hakuwahi kukopa hata sindano. Kama angejua kwamba watu walisimama mbele ya umati wakasema ana deni la kiasi kile, angeona haya sana.

Hapo ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimebishana na Masinde mahali pasipostahili. Nilimletea maneno ya ofisi, na ofisi haikuwa na mtu siku ya kunyoa. Sisi tulikuwa na mtu. Mimi ni kaka yake mkubwa. Deni lilikubaliwa mbele yetu, kwa ajili yetu, na sisi tulinyamaza kama wageni.

Nilirudi uani.

"Mzee Masinde," nikamwambia, "sitaki uichukue ile pesa deni likiwa bado linamngoja Wakonyo. Nataka kwanza mtuite tena. Mimi nisimame mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, niseme kwamba binti ya Kagwe hakufa na deni. Ni haki yetu kusema. Siku ile hatukuulizwa, tuliangaliwa tu."

 Masinde alitazama mikono yake.

"Kikao cha kunyoa hakifanywi mara mbili," alisema.

"Kuna mtu aliyekikataza?"

"Hakuna aliyewahi kuuliza."

Nabwile aliinua uso kutoka kwenye mahindi. "Na Khaemba nywele zake zimeota," alisema. "Nilimwona kanisani. Kichwa kama shamba la mtama."

Masinde alimtazama mkewe. "Basi atanyolewa tena," akasema. "Ile swali siwezi kuuliza na mfiwa ameketi kama mgeni. Itabidi wembe upite."

* * *

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, mimi, Rosaline, na ndugu yangu Ngige. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wengine nadhani ili waone jambo ambalo halijawahi kufanywa. Khaemba aliketi chini uani, miguu imenyooka, na yule yule mzee aliyemnyoa mara ya kwanza akaloanisha wembe. Nywele zilianguka mabegani mwake. Alifumba macho. Safari hii nilimwona anasikiliza.

Masinde alisimama. "Tulikuja hapa mwezi wa nane," alisema, "tukauliza swali. Tukajibiwa. Jibu moja lilikuwa na kosa, na kosa hilo si la mtu mmoja, ni letu. Kabla sijauliza tena, wakwe wetu wana neno."

Sina mazoea ya kusema mbele ya watu wa kwingine kwa lugha isiyo yangu wala yao. Nilivua kofia.

"Mimi ni Kabiru, mtoto wa Kagwe. Dada yangu hakukopa Kitale. Mume wake alikuwa na jasho lake la miaka mingi limehifadhiwa, akalitoa kidogo kidogo ili mke wake aishi. Mtu akimpa mke wake jasho lake, hiyo haiitwi deni kwetu, na najua haiitwi deni hapa. Mlipolipa, mlituheshimu. Heshima hiyo tumeichukua, hatuirudishi. Pesa ndiyo tunaomba irudi kwa mwenyewe, kwa sababu haina deni la kulipa."

Nikaketi. Sitati, aliyekuwa nyuma, alisema kwa sauti ya kusikika, "Ni kweli. Mimi nilisema vile nilivyojua." 

"Nauliza tena," akasema Masinde. "Nani anamdai Wakonyo?"

Wembe ulikuwa unapita juu ya sikio la Khaemba.  Mwanamke mmoja akasimama, jirani aitwaye Nafuna.

"Mimi namdai," alisema.

"Sema."

"Alikuwa ananifundisha kushona sweta. Tulimaliza mgongo, tukamaliza mikono. Akaniambia shingo ni ngumu, tutaifanya akitoka hospitali. Sweta iko kwa nyumba, haina shingo. Mtoto anaivaa hivyo hivyo."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha watu waliokaa na huzuni mpaka wakaizoea. Masinde hakucheka.

"Hilo ni deni," alisema. "Nani analichukua?"

Rosaline alisimama kabla sijageuka kumtazama. "Mimi," alisema. "Shingo najua. Alinifundisha yeye."

"Limechukuliwa. Kuna lingine?"

Aliuliza mara tatu. Hakuna aliyesimama. Mzee wa wembe alipangusa kichwa cha Khaemba kwa kitambaa, na Khaemba akafumbua macho, akapitisha kiganja juu ya utosi wake, polepole, kutoka mbele hadi nyuma, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

* * *

Masinde alikuja Kitale mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, amevaa suti ya kanisani na viatu vilivyopakwa rangi. Cherono alimwekea fomu mbele, akamsogezea pia kile kisahani cha wino wa kidole.

"Ondoa hicho," Masinde alisema. "Nitaandika."

Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, na mimi, Khaemba na Cherono tulingoja. Pesa ilirudi kwenye simu yake. Aliutazama ujumbe ule, akaufunika kwa kiganja.

Cherono alimgeukia Khaemba. "Sasa mpango wako unarudi kama ulivyokuwa. Maana yake utaendelea kupokea mpaka utakapofika sitini. Karibu miaka minne. Hilo siwezi kulibadilisha. Lakini kuna kitu kimoja unaruhusiwa, mara moja tu. Unaweza kuhamia hesabu ndogo. Kila mwezi utapata kidogo kuliko sasa, na akiba itadumu. Ukishahamia, hurudi kwenye hesabu kubwa."

Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho na nilikusudia kumshauri. Lakini nilimwona anafikiri, nikamwacha.

"Ile hesabu kubwa," Khaemba alisema, "ilipimwa na ugonjwa wake. Bei ya mashine, mara mbili kwa wiki."

"Ndiyo, mzee. Naona hapa."

"Basi nihamishe."

Cherono akabonyeza. Halafu akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi. Khaemba aliinamia karatasi, akaanza juu kabisa, akisoma kila mstari na kuufuata kwa kidole. Ilichukua muda. Cherono hakumharakisha, na Masinde aliangalia nje dirishani, kwenye paa za mabati za soko.

"Sasa naweza kuweka," Khaemba akasema.

* * *

Januari, kabla ya kulima, tulikwenda sokoni Ndalu kumtafutia Masinde ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wamepanda bei na elfu themanini haikupata kama yule wa kwanza. Tulipata mdogo kuliko yule, mweusi, mwenye doa jeupe kifuani, mkaidi kidogo. Masinde alimzunguka mara kadhaa, akamshika pembe, akamtazama meno.

"Atajifunza," alisema. "Mwenzake atamfundisha."

Tulikuwa tunatoka naye sokoni, Masinde mbele, Khaemba ameshika kamba, mimi nyuma na fimbo, simu ya Khaemba ilipolia katika koti lake. Ilikuwa tarehe tano. Nilimwona akisimama. Ng'ombe naye akasimama.

Khaemba alitoa simu, akasoma, akabaki ameishika.

"Ni nani?" Masinde aliuliza bila kugeuka.

"Ni ile pesa."

"Imekuja kufanya nini?"

Khaemba alitazama ujumbe tena. Kiasi kilikuwa kidogo kuliko zamani.

"Imekuja tu," alisema.

Akairudisha simu mfukoni. Halafu akaitazama kamba aliyoshika, akaivuta kwa mikono miwili kuijaribu, nyuzi zake zikitoka pembeni.

"Papa," akamwambia Masinde, kama mtu anavyomwita baba yake, "hii kamba imekwisha. Ngoja hapa na mulamwa. Narudi ndani, nitoe kidogo kwa simu, ninunue nyingine."

Alinikabidhi ng'ombe, akageuka kurudi sokoni, na tukasimama kando ya njia tukimngoja.